Miguu Iliyoning'inia Hewani

Jumatatu saa nne asubuhi Khairat, fundi wa redio mjini Garsen, alifungua kisanduku cha king'ora cha mafuriko kwenye baraza ya ofisi ya maafa. Aliitwa kwa sababu kilikuwa kinaongea. Sauti ilikuwa ya Komora, mkulima wa kijiji cha Ozi, chini mtoni, aliyesombwa na maji mwezi wa Aprili.

"Mbona hukulia?" kilijiuliza kisanduku, kama kilivyojiuliza kila siku kwa wiki tatu.

Chini yake, mkekani, Esha mjane wa Komora alikuwa akichambua mchele. Alikuja kila asubuhi kumpa mumewe habari za nyumbani: mbuzi kazaa, paa lavuja, shamba la mpunga bado limefukiwa na mchanga.

"Anatukatizia mikutano," alisema Danson, msimamizi wa ofisi. "Dada fundi, mnyamazishe."

Khairat alimulika tochi. Aliona chipu ya miguu minane, yenye vikuza viwili ndani. Kimoja kilipokea umeme mdogo kutoka kipima maji cha darajani na kuukuza ili king'ora kilie. Cha pili hakikuwa na kazi, na aliyekiweka aliacha miguu yake ya kupokea ikining'inia. Mguu usiofungwa popote huokota chochote kinachopita hewani. Huu ulikuwa umemwokota Komora.

"Hii miguu inayoning'inia ni jambo dogo," Khairat alisema. "Kubwa ni hiki kikuza cha kwanza. Rezista hizi mbili ndizo zinazoamua kikuze mara ngapi. Kilitakiwa kikuze mara mia, na hapa kimewekwa mara mbili. Hata mto ukifika dirishani hakitalia."

"Ni mimi niliyeagiza kipunguzwe," alisema Danson. " Kilikuwa kinalia kila mvua ikinyesha huko juu, wageni hawasikilizani."

"Kwa hiyo Aprili..."

"Hakikulia. Iko kwenye ripoti. Wewe umeitiwa ile miguu."

"Rezista ninayo hapa. Dakika tano tu."

"Miguu, dada."

Esha alitua ungo. "Komora, wanakufunga sasa."

"Basi nitakuja mwenyewe," kilisema kisanduku.

Khairat akaifunga ile miguu ipasavyo: mguu wa kutolea sauti akaurudisha kwenye mguu wa kupokea wenye alama ya kutoa, na wenye alama ya kujumlisha akaupa nusu ya umeme wa betri. Kikuza kilichofungwa hivyo hujisikiliza chenyewe na hakisumbui mtu. Danson alikipenda sana. Khairat aliponyoosha mkono kwenye rezista, Danson alikifunga kisanduku na kukitia lakiri.

Jumanne Komora alifika, akichuruzika maji ya tope, akaketi kwenye benchi la malalamiko. Joy, karani, alimwomba kitambulisho. Kilikwenda na mto. Esha akatoa cheti cha kifo, Joy akasema hicho kinatosha, akampa namba kumi na saba na tambara la kupangusia sakafu. Namba kumi na saba haikuitwa wiki ile, wala mwezi ule.

Novemba mto ulipanda. Kipima kilipeleka umeme wake mdogo, kikuza kikaukuza mara mbili, king'ora kikanyamaza. Komora aliinuka, akaenda kwa miguu hadi Ozi, akabisha mlango mmoja baada ya mwingine.

"Tokeni. Maji yaja."

Watu walimjua, na walijua alivyokufa. Hakuna aliyebishana naye. Walibeba watoto, kuku na magodoro, wakahamia mwinuko, na safari hii hakufa mtu. Komora akarudi Garsen, kwa kuwa malalamiko yake yalikuwa bado hayajasikizwa.

Danson aliandika kwamba mtambo ulifanya kazi barabara. Khairat alikwenda kuomba tena afungue kisanduku, akaambiwa kitu kizima hakitengenezwi. Mwezi uliofuata Danson alitunukiwa cheti, na ukuta ulio nyuma ya benchi ukapakwa rangi mpya ili kitundikwe hapo. Esha alikuwa akimkamua mumewe shati. Joy akawaomba, kwa adabu, wasogee mbele kidogo, rangi isije ikalowa.