Mia Nne na Nne za Mwanahawa

Zuwena alihesabu vichwa mara ya tatu. Bado walikuwa kumi, na kumi hawakufaa.

Mkekani zilirundikwa kokwa za tende elfu nne mia nne arobaini na nne, zilizong'arishwa na vidole vya mama na bibi zake. Uradi, dua ya kuombea salama, husomwa mara idadi hiyohiyo, kokwa moja kwa kila kisomo, na nyumba hii ilikuwa na sharti lake: kila msomaji abebe sawa na mwenzake. Zuwena hakumaliza darasa la nne, lakini namba hii aliijua kama chumvi ya mchuzi wake. Wakiwa kumi, zinabaki kokwa nne. Wakiwa tisa, zinabaki saba. Kumi na wawili, nne tena. Wanne wangegawana sawasawa, lakini jua lingewachwea kabla hawajamaliza, na bintiye Najiat angepasuliwa hospitalini saa nane mchana huu. Mimba mbili zilishamharibikia. Hii ya tatu ilikuwa na miezi minane, na tangu jana alikuwa akivuja damu.

Namba ilitaka watu kumi na mmoja, mia nne na nne kila mmoja, wala haikubembelezeka.

Jirani mmoja alishauri zile nne wagawiwe wakubwa, Mungu si karani. Zuwena nusura akubali. Kila mtu pale alijua wa kumi na mmoja ni nani: Mwanahawa, mke wa kaka yake, anayekaa nyumba ya pili. Mimba ya kwanza ilipotoka, Zuwena alisema mbele za watu kwamba Mwanahawa, asiyejaliwa mtoto, ndiye aliyemtia Najiat kijicho. Mwaka wa nne huu hawaamkiani.

Alijifunga kanga, akatoka. Hatua thelathini tu, ambazo hakuzipiga tangu siku ile.

Mwanahawa alikuwa ameketi chini, mbele yake fungu la mbegu za ukwaju. Kiganjani alishika mbegu moja.

"Wifi, nilikukosea," Zuwena alisema pale pale mlangoni. "Nimekuja kukuomba..."

"Habari niliipata jana. Nimeanza tangu alfajiri." Mwanahawa hakuinua macho. "Nimefika mia nne na tatu. Nilijua mtakuwa kumi."

"Na hiyo iliyobaki?"

"Hii nisingeweza kuimalizia huku, peke yangu."

"Je, nisingekuja?"

Mwanahawa aliigeuza mbegu kiganjani. "Ningekaa nayo hivi hivi."

Zuwena alilia kama mtoto, na hakujali nani anamsikia barabarani.

Wakaenda pamoja. Wale kumi wakagawana kokwa zao, na fungu la kumi na moja likawekwa mbele ya Mwanahawa bila kuguswa. Alikaa, ngumi imeifumba ile mbegu yake ya mwisho, huku wenzake wakisoma na kokwa zikigongana taratibu. Saa nane ilipita. Simu ilikuwa magotini kwa Zuwena, nayo haikulia.

Wa mwisho alipomaliza, wote walimgeukia Mwanahawa. Akafumbua kiganja, mbegu ilikuwa imelowa jasho. Akausoma uradi kwa sauti, pole pole, akilitaja jina la Najiat mwishoni, kisha akaiweka mbegu ya ukwaju, nyeusi, juu ya kokwa za tende.

Simu ikaanza kutetemeka. Zuwena aliutafuta mkono wa wifi yake kwanza, akaushika, ndipo akapokea.