Cheti cha Sandukuni

Fundi wa viyoyozi alikuwa na mikono ya dhahabu na riziki ya kubahatisha, leo kazi ipo, kesho haipo. Ndipo wizara moja ikamtaka awe fundi wake wa kudumu. Tatizo ni kwamba mitambo yenyewe ilikuwa katika chumba cha kompyuta za siri, na humo haingii mtu bila kibali cha usalama. Kibali kina fomu, na fomu ile ilikuwa na kurasa kumi na mbili za umbea mtupu.

Iliuliza kama amewahi kufungwa. Ujanani aliiba nyaya za shaba, akala mwaka na nusu. Akaandika hapana. Halafu ikauliza ufundi alijifunzia wapi. Maskini, alijifunzia humo humo gerezani, kwa askari jela mmoja mnene waliyemwita Babu Barafu. Akaandika chuo ambacho hata geti lake halijui, na cheti chenye muhuri wa magereza kikabaki chini kabisa sandukuni.

Mkewe, aliyeyajua yote tangu uchumba, aliisoma fomu akikunja nguo. Hakugomba. Alisema tu kwamba yule mzee akisikia amefutwa hivi, roho itamuuma. Fundi akajifanya hamnazo.

Siku ya mahojiano alipokewa na afisa, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Kiyoyozi cha ofisi yake kilikuwa kinakohoa hata maswali hayasikiki. Fundi alivumilia mawili, la tatu likamshinda. Akaomba ruhusa, akaweka kiganja juu ya kile chombo, akafumba macho na kusikiliza. Kisha akakaza skrubu moja ya feni kwa kisu chake kidogo. Ofisi ikawa kimya.

"Nani alikufundisha kusikiliza hivyo?" afisa akauliza.

Jina la chuo lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Likakataa kutoka. Aliona haya, si kwa ajili ya jela, bali kwa ajili ya yule mzee.

"Askari jela, mama. Nimekudanganya kwenye fomu, mara mbili."

Afisa akavaa miwani na kufungua faili. Hukumu ya zamani ilikuwa humo, na muhuri wake.

"Nyaya zako tunazo tangu wiki jana, na hazikutuzuia. Ulikuwa kijana, na umetulia miaka mingi. Barua ya kukukatalia nilikuwa naiandika kwa sababu ya hiyo 'hapana' na hiki chuo kisichokujua." Akamsogezea kalamu. "Usifute. Kata kwa mstari mmoja, uongo uonekane, uandike ukweli pembeni, utie sahihi. Hakuna ahadi."

Akakata. Kwenye nafasi ya mwalimu akaandika jina kamili la Babu Barafu, kwa herufi kubwa.

Wiki ya tatu simu ikalia. Alikuwa mzee mwenyewe, siku hizi amestaafu, sauti ile ile nene.

"Mwanangu, watu wa serikali wamenipigia. Wanauliza kama wewe ni mwaminifu."

"Ukawaambiaje, mzee?"

"Nikawaambia siku ya kwanza uliniibia bisibisi. Siku ya pili ukairudisha, na hakuna aliyekuuliza."

Kibali kilifika Ijumaa. Mkewe alikuwa ameshapigilia msumari ukutani, na cheti cha sandukuni kinaning'inia sebuleni, muhuri wa magereza ukitazama mlango.