Diski ya Inchi Saba

Mdogo wangu aliingia dukani Jumatatu asubuhi amefunga mkono wa kushoto kwa kitambaa cha jikoni, akasema amebanwa na boneti ya gari. Nilikuwa napanga drili kwenye rafu. Nikaiweka chini niliyokuwa nimeishika, nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye mwanga. Boneti gani hiyo inayobana vidole viwili halafu ikaacha alama ya mpini wa jeki shingoni?

"Dada, niache."

"Kakupiga na nini?"

"Si nimekwambia boneti?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mdogo wangu angeficha hata msiba. Nilimkalisha nyuma ya kaunta, nikamfunga vidole kwa vijiti viwili na utepe mweusi wa mafundi umeme. Nilipofika kidole cha pili akasema yote, kwa sauti ndogo. Mumewe alikuwa chini ya gari. Aliomba nati, yeye akaiangusha kwenye beseni la oili chafu. Nati moja. Mumewe akatoka chini ya gari na mpini wa jeki mkononi.

Mwanaume huyo mtaani wanamwita Injinia. Ni karani wa ghala, hajasomea hata baiskeli. Anatazama video tatu kwenye simu, halafu anafungua injini. Mafundi wote wa mtaa ameshagombana nao, na mmoja aling'olewa jino kwa kosa la kumwambia kwamba breki kazifunga kinyume. Kwa hiyo gari lake analitengeneza mwenyewe uani, mkewe ndiye mshika taa, mshika spana, mshika kila kitu, na chuma kikimshinda anamalizia hasira kwenye mwili wa mkewe.

Na mimi nina hasira, sijasingiziwa. Siku ile nilitaka afe. Nalisema hivyo hivyo lilivyokuwa.

Duka aliliacha baba. Baba alikuwa na kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Diski ya grenda, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma, ilimpasukia ujanani akiwa kazini. Kila diski imeandikwa namba, mizunguko inayoweza kuhimili kwa dakika, na kila grenda imeandikwa namba yake. Ya diski isipofikia ya grenda, diski hupasuka. Basi baba akatuwekea sheria moja: diski haitoki dukani kabla hujamsomea mteja namba, na yeye akairudia kwa mdomo wake. Awe fundi wa miaka thelathini, awe mkwe wako. Mimi na mdogo wangu tulikulia nyuma ya kaunta ile, tukiwaamuru wanaume wenye ndevu warudie namba kama watoto wa darasa la kwanza. Walicheka, wakarudia.

Alasiri ya siku hiyo hiyo Injinia akaja mwenyewe, anapiga mluzi.

"Shemeji, hujambo? Nataka grenda. Boliti za bomba la ekzosi zimeshika kutu, kesho nazikata zote."

Mteja mwingine ningemuuliza kama amezimwagia mafuta ya kulegeza kutu na kusubiri nusu siku. Ningemwonyesha mashine ya kufungulia nati, ile inayogonga huku inazungusha. Ikishindikana ningempa msumeno wa umeme wenye ubapa mwembamba, unaopita mahali mkono haupiti. Grenda chini ya gari ni ya mtu aliyekosa njia zote. Nikayameza hayo, nikamtolea grenda ndogo, ya inchi nne na nusu, na diski zake.

"Vidiski hivi? Vitaisha kabla sijamaliza boliti moja. Nipe ile."

Alionyesha diski ya inchi saba, ya grenda kubwa.

"Kinga ya grenda itaizuia," nikasema. Hilo nililisema.

"Kinga naitoa. Kwenye video wote wanaitoa. Na tundu lake ni lile lile, hebu tazama."

Kweli, tundu ni lile lile. Huo ndio ubaya wa kazi hii: diski kubwa inakaa kwenye grenda ndogo vizuri kabisa, na jicho halioni kosa. Kosa liko kwenye namba. Diski ile iliandikwa elfu nane mia tano. Grenda ilizunguka elfu kumi na moja.

Alikuwa na mchubuko mpya juu ya kifundo cha kidole cha kati. Niliutazama, nikajua umetoka wapi. Nikaifunga diski kwenye gazeti, namba ikabaki ndani, nikamkabidhi.

"Leo hunisomeshi?" akacheka.

"Wewe si injinia?"

Akatoka anacheka bado.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ikalia. Mdogo wangu.

"Dada, una glavu nene hapo? Ya mkono wa kulia tu. Ameniambia nishike bomba la ekzosi lisitikisike akikata, na linachoma."

Nyuma yake nilisikia grenda inaanza kulia.

"Toka hapo! Toka hapo sasa hivi!"

"Ananiita," akasema, akakata.

Tangu jana nilikuwa nauona uso wa mtu mmoja tu. Sikufikiria mikono itakayoshika bomba. Na gari lile halikuwahi kutengenezwa bila mdogo wangu kushika kitu, nani alijua kuliko mimi niliyemfunga vidole? Niliacha duka wazi nikakimbia. Ni mitaa mitatu. Kandambili moja ilibaki njiani, sikuirudia.

Geti lilikuwa limeegeshwa. Gari lilikuwa limeinuliwa nyuma kwa jeki, mdogo wangu amelala ubavu chini yake, bomba amelikumbatia kwa mkono mzima, uso wake shubiri mbili kutoka kwenye diski. Cheche zilikuwa zinamrukia nyweleni. Nilipiga kelele, grenda ikazimeza. Nikaukamata waya wa umeme kwa mikono miwili, nikauvuta kwa uzito wangu wote mpaka plagi ikachomoka ukutani.

Diski ikapunguza mwendo, ikasimama. Injinia akajivuta kutoka upande wa pili wa bomba, akainuka.

"Umerogwa?"

"Diski itapasuka! Haiwezi mashine hiyo!"

"Mbona umeniuzia?"

Mdogo wangu alikuwa ameshatoka chini ya gari, ananitazama.

Kofi lilinikuta sikioni, nikaangukia boksi la spana. Nikaokota ya kwanza iliyokuja mkononi, nikampiga nayo gotini, nikasikia mfupa unaitikia. Akapiga yowe. Akanipiga teke la mbavu, pumzi ikanitoka yote, akanikamata nywele akanigonga kichwa kwenye bampa, mara moja, mara ya pili. Mdogo wangu akamrukia mgongoni. Injinia akamvuta kwa ule mkono wenye vidole vilivyovunjika, akambwaga ukutani kama mfuko wa simenti. Damu ilikuwa imenijaa mdomoni. Nilitaka kumuua kwa mikono yangu, na miguu haikunyanyuka.

"Wanawake mnajua nini kuhusu mashine?" Alichechemea mpaka ukutani, akachomeka plagi. "Itapasuka, eh? Haya, ipasuke tuone."

Akaiinua grenda usawa wa kifua chake, akamwelekezea mdogo wangu pale chini, akaiwasha. Ikikata chuma, chuma huipunguza kasi. Hewani hakuna cha kuipunguza. Mlio ulipanda, ukapanda tena. Nilitambaa, nikajitupa juu ya mdogo wangu, nikamfunika kichwa.

Sikio la kufa halisikii dawa. Kishindo kilikuwa cha tairi la lori likipasuka.

Nilipogeuka, Injinia alikuwa amepiga magoti. Shavu la kulia lilikuwa limefunguka, magego yanaonekana mpaka ya mwisho, na jicho la upande ule halikuwepo. Alikuwa anajaribu kulirudisha shavu kwa kiganja. Grenda ilikuwa inarukaruka sakafuni peke yake mpaka mdogo wangu alipokwenda kuchomoa plagi. Kipande kikubwa cha diski kilikuwa kimezama kwenye bati la gari, juu kidogo ya bomba, pale uso wa mdogo wangu ulipokuwa mwanzo.

Majirani wakaja. Aliyeleta gari ni yule yule fundi aliyeng'olewa jino. Walimpakia Injinia amefungwa shuka kichwani, anakoroma damu, lakini hai. Mdogo wangu hakupanda naye. Alisimama uani mpaka geti likafungwa, kisha akachukua koleo, akakivuta kile kipande mpaka kikatoka kwenye bati. Lebo yake ilikuwa imebaki nusu, ile yenye namba.

Nilikuwa nimekaa chini, nimeegemea tairi, nangoja anishukuru. Ndiyo, nilingoja shukrani.

Akaokota gazeti la dukani kwetu, lililotupwa karibu na jeki. Akaligeuza upande huu na upande ule.

"Dada, ulimsomea namba?"

"Huyu mtu alikuwa anakuua kidogo kidogo."

"Sikuuliza hivyo. Baba alisema kila mteja. Ulimsomea?"

"Hapana."

"Na ulijua nani hushika bomba."

Nilitaka kusema sikukumbuka, na ilikuwa kweli, lakini kweli ile haikuwa na faida kwa mtu yeyote.

"Yeye alinipiga kwa hasira," akasema. "Wewe ulikaa ukafunga kwenye gazeti."

Akachuchumaa mbele yangu. Akanisogezea kile kipande usoni, kimebanwa kwenye koleo.

"Soma."

"Mdogo wangu—"

"Soma."

"Elfu nane mia tano."

"Rudia."

Nikarudia. Hakushusha mkono. Aliuacha pale pale, akingoja nirudie tena.