Karabai Katika Hema la Akina Mama

Katika makambi ya kanisa kule Nyaramba hapakuwa na cheo kizito kuliko cha Shemasi wa Taa, kwa mujibu wa Shemasi wa Taa mwenyewe. Manasseh Nyabuto alikuwa na funguo za stoo, koti la bluu lenye vifungo vya dhahabu, na karabai ya kanisa, taa ya pampu ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Wachungaji walikuja na kuhamishwa. Karabai ilibaki, na Manasseh akabaki nayo kama mume na mke waliozoeana.

Mwaka huu waumini walikuwa wamepiga mahema kwenye uwanja wa shule ya msingi, na Ijumaa mchana, siku ya kujiandaa kwa Sabato, stima zikapotea. Taa za sola zilikuwepo chache, lakini mawingu ya Agosti yalikuwa yamezinyima chakula wiki nzima. Macho yote yakamgeukia Manasseh. Akakohoa kidogo, akasema ngoja aone kinachowezekana, kwa sauti ya daktari anayeingia chumba cha upasuaji.

Alikuta pampu inakwenda bila kushika hewa. Akaifungua, akaona kipande cha ngozi kilichomo ndani kimekauka, akakipaka mafuta ya kupikia na kukikanda kwa vidole hadi kikalainika. Akazibua tundu la mvuke kwa sindano nyembamba. Akafunga utambi mpya, ule mfuko mdogo wa kitambaa, akautia moto ukateketea na kubaki jivu jeupe lenye umbo la yai, jivu ambalo ukiligusa kwa ncha ya ukucha linabomoka. Kila hatua aliieleza kwa kirefu, ingawa msikilizaji wake alikuwa mbuzi aliyefungwa nyuma ya jikoni.

Jua halikusubiri hotuba iishe. Kwa sheria ambayo kambi hiyo ilijiwekea, na ambayo Manasseh ndiye aliyeipendekeza na kuitetea kwa mistari mingi ya Biblia, taa ya Ijumaa huwashwa kabla ya machweo. Jua likishazama haiguswi, haijazwi, haizimwi, mpaka ijifie yenyewe. Mwaka jana alimkemea Persis, mwalimu wa watoto, mbele ya kutaniko lote kwa kosa la kunyoosha kioo cha taa kilichokaa upande.

Kwa hiyo alikwenda stoo mbio. Mitungi miwili ya njano ilikaa sakafuni, mmoja wa mafuta ya taa na mwingine wa petroli ya jenereta ya vipaza sauti, jenereta ambayo ilikuwa imezimika katikati ya wiki na kukataa ushawishi wa kila aina. Siku zote Manasseh aliutambua mtungi wa mafuta ya taa kwa masizi yaliyoganda shingoni. Lakini asubuhi hiyo yeye mwenyewe alikuwa ameagiza kila chombo cha kambi kisuguliwe kwa heshima ya Sabato, na akina mama wa Kisii wakiambiwa wasugue, husugua. Mitungi yote miwili iling'aa kama sahani za harusi. Pua yake nayo ilikuwa imezibwa na mafua. Akachukua uliokuwa upande wa mlango, akajaza tangi kwa haraka huku akijimwagia mkono wa koti, akawasha spiriti ya kupasha bomba moto, akapampu. Karabai ikakohoa, ikanguruma, ikatoa mwanga mweupe hadi watu wakasema amina.

Aliitundika katikati ya hema la akina mama, kwenye waya wa nguzo kuu. Chini yake zilitandikwa nyasi kavu, juu ya nyasi magodoro, na juu ya magodoro watoto wa kanisa zima, akiwemo mjukuu wake, ambaye binti yake Maureen alikuwa akimnyonyesha karibu kabisa na nguzo, mahali pa heshima. Jua likazama nyuma ya michai. Wimbo wa kuifungua Sabato ukaimbwa.

Manasseh alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya hema akipokea pongezi, alipopapasa mkono wa koti. Ulikuwa mkavu.

Akaupapasa tena. Mafuta ya taa yakimwagikia nguo hayaondoki. Hunata, hutia doa ambalo mke hulitaja hadi Krismasi. Hiki alichomwaga kilikuwa kimeruka na kwenda zake bila kuaga. Akavuta pumzi kwa nguvu zote za pua iliyoziba, na katika upenyo mdogo sana harufu ikapita.

Ndani ya hema mwanga ulipanda, ukashuka, ukapanda. Mtu mwingine angesema taa inacheza. Yeye alijua. Petroli haihitaji joto kubwa kugeuka mvuke, na lile tangi lilikuwa limefungwa, linapashwa kutoka juu, linajaa. Akifungua skrubu ya kutoa hewa hapo hapo, mvuke utakutana na moto. Akipiga kelele, hema lina mlango mmoja, na mlangoni kuna watoto. Akikaa kimya, tangi litaamua lenyewe.

Akaingia akijilazimisha kutembea kama mtu aliyesahau kitabu. Mkono wake ulikuwa umeshainuka kuelekea kwenye waya Mama Bathsheba aliposimama mbele yake. Huyu alikuwa mkuu wa akina mama, mjane mwembamba mwenye fimbo, ambaye hata wachungaji walimsalimia wakiwa wamevua kofia.

"Baba Maureen," alisema kwa upole wa kutisha, "jua limezama."

Manasseh akaeleza kwamba utambi una shimo dogo. Bathsheba akautazama utambi, akasema hauna. Akaeleza kwamba wanaume wanahitaji mwanga kidogo upande wao. Bathsheba akasema wanaume wamekuwa gizani tangu Edeni na hawajafa, na akina mama wa karibu wakacheka. Persis, kutoka kwenye godoro lake, akauliza kama sheria ile ilikuwa ya vioo tu. Wakacheka zaidi. Karabai ikavuta pumzi ndefu, ikaiachia, na chini ya kishikio cha pampu tone moja likajitokeza, likaning'inia, halikudondoka.

Manasseh aliliona tone. Chini yake aliona kisigino cha mjukuu wake kikipiga hewa. Kiswahili chote cha mimbarini kikamtoka. Akamwinamia yule mama sikioni na kusema kwa Ekegusii, lugha aliyolilia utotoni:

"Nimeweka petroli, Mama. Ni mimi niliyeiweka."

Uso wa Bathsheba haukubadilika. Kisha akageuka na kutangaza kwamba mwaka huu Sabato itapokewa nje, chini ya anga, kila mama na mwanawe, polepole, bila kubeba kitu. Akaanzisha wimbo. Wakanyanyuka wakinung'unika kuhusu baridi, wakatoka wakiimba, na Manasseh akabaki amesimama chini ya taa akitazama tone likinenepa, akiomba kwa maneno mafupi yasiyo na ufasaha wowote. Maureen alikuwa wa mwisho. Alirudi kuchukua shali. Baba yake alimwambia aiache, na kwa jinsi alivyomwambia, binti akaiacha.

Aliposikia wimbo umefika mbali, alifungua waya. Aliushika mpini kwa mikono miwili, akijua kwamba mtikisiko mmoja utabomoa jivu la utambi na moto utatoka bila mpangilio. Mlango wa hema, aliouingia mara mia wiki hiyo, ulikuwa umehamia mbali. Joto lilimlamba vidole. Alitembea kwa kuburuza nyayo, akapita kamba, akapita jikoni ambako mbuzi alimtazama bila kumlaumu, akaingia shamba la viazi, akaiweka kwenye mtaro na kurudi kinyumenyume. Halafu akakimbia, koti la vifungo vya dhahabu likipepea.

Sauti haikuwa kubwa kama alivyotazamia. Ilikuwa pumzi moja nzito, kisha mwali ulisimama juu ya viazi, mrefu kama mnazi, na nyuso za akina mama zikaonekana zote kwa pamoja, na vinywa vyao wazi. Hakuna aliyeendelea na wimbo.

Mchungaji Onyancha alikuja akihema, akauliza nani alijaza taa ile. Bathsheba aliitazama fimbo yake. Angeweza kusema, akamwachia mwenye neno lake.

"Ni mimi," akasema Manasseh. "Mafuta hayo niliyajaza mimi."

Alimsogelea Maureen, akanyoosha mikono yake iliyoungua ili ampokee mtoto, amguse tu, ahakikishe. Maureen alikuwa akilitazama hema, mahali godoro lake lilipokuwa. Akamhamishia mtoto kwenye bega lililo mbali na baba yake.