Jiwe la Mpakani kwa Elinipendo

Sadallah hakuwa mtu wa kushangaa ovyo. Alikuwa fundi mawe wa Moshi mjini, amevunja miamba hadi basi, na enzi zile za Mwingereza aliamini kitu kimoja tu: muhuri wa Boma. Elinipendo, mjane wa Machame aliyemwita, alikuwa nao. Karatasi ilimruhusu kuchimba mawe na kusawazisha ardhi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, apate kujenga. Nyumba ya zamani ilikuwa imezolewa na maporomoko, wanawe walilala zizini na ng'ombe, na masika yalikuwa yanabisha hodi.

Walipofika kwenye jiwe la kuvunjwa, kubwa kama ghala, wakamkuta Aminieli, kaka wa marehemu mumewe, ameketi juu yake, panga mapajani.

"Nusu ya jiwe hili iko kwangu," alisema. "Mkilivunja, nivunjeni na mimi."

Kweli, mpaka ulipita hapo hapo. Sadallah akainua karatasi. "Shikamoo, mzee. Boma limeruhusu."

"Marahaba. Boma ndilo lililomzaa baba yangu?"

Loo! Sadallah akapandwa na hasira. "Mama, tumwite askari!"

Elinipendo akakataa. Tangu afiwe, huyu bwana hakuwahi kumsalimia, kisa Elinipendo alikataa kurithiwa naye. Alimtukana sokoni, akamnyima hata kaa la moto. Mjane akaenda mpakani, akakata jani la isale, mmea ambao Wachagga huupanda kuonyesha mwisho wa shamba. Akalifunga fundo, akarudi ameinama, amelishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, naomba amani."

Sadallah nusura acheke. Jani! Mtu aliyelikatalia Boma, unampa jani? Lakini panga lilikuwa limeanguka, na Aminieli alikuwa anashuka, maana kwa mila yao aliyeletewa isale hathubutu kuikataa.

"Ruwa, Mungu wangu!" alisema. "Mimi ndiye niliyekukosea. Mimi ndiye wa kukuletea isale, na wewe umenitangulia!"

Akalipokea, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya mgeni wa mjini. Sadallah nywele zilimsimama. Hakuwahi kuona hukumu kubwa namna ile, na hakukuwa na hakimu.

Kuni za kulichoma jiwe alizileta Aminieli mwenyewe. Lilipoiva kwa moto wakalimwagia maji baridi, likapasuka kwa kishindo hadi ng'ombe wakakata kamba.

Aminieli akachagua bapa pana kutoka nusu yake, akajitwika begani, akakataa kusaidiwa. Alilishusha kwenye ardhi iliyosawazishwa, akihema.

"Hili liwe la kizingiti," alisema. "Mkiniruhusu, nitalikanyaga nikija kuwasalimu watoto wa kaka."

Elinipendo akamwonyesha mlango utakapokuwa.