Herufi P

Ulimi wa Sabdio, au Mama Nuh, Muorma wa Minjila, uligeuza kila P kuwa B, na Mwalimu Mansur wa darasa la ngumbaru alimkatia alama bila huruma. Akishindwa mtihani wa leo, angerudia mwaka mzima.

"Andika ubaoni sentensi moja juu ya mzazi wako."

Sabdio alikuwa amemzika babake wiki iliyopita. Kwa kuiogopa B, akaandika: "Papa yangu amekufa."

Darasa likaangua kicheko.

"Kumbe Mama Nuh ni mtoto wa samaki!" mwalimu akasema. "Futa, urekebishe, nikuongezee alama."

Akafuta kwa kiganja, akaandika: "Baba yangu amekufa."

"Vyema. Umepita. Anayefuata!"

Hakuna aliyempa pole.