Kontena la Mawe, Nanyuki

Magdaline alikuwa na uga wa makontena ya taka nje kidogo ya Kiganjo, kando ya barabara ya kwenda Nanyuki. Yalikuwa manane, ya chuma, bila vifuniko, na aliyakodisha kwa watu wanaobomoa nyumba au kusafisha mashamba. Mteja akipiga simu, Magdaline hakumuuliza kwanza yuko wapi wala ana haraka gani. Alimuuliza, "Ni taka gani?"

Alikuwa na sababu. Mbao, matawi, mabati na magodoro makuukuu huenda kwenye kontena refu, kwa maana yanajaza nafasi lakini hayana uzito. Mawe na zege huenda kwenye lile fupi, na hata hilo hulijazi mpaka juu. Miaka minne nyuma, huko Kiriaini, mteja mmoja alificha mawe chini ya matawi ya kahawa ili akodishe kontena moja badala ya mawili. Mnyororo wa lori ulikatika, kontena likamvunja dereva nyonga. Tangu siku hiyo Magdaline hakumwamini mteja yeyote kuhusu taka yake.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, saa moja asubuhi, alipigiwa na Gicheru, mwenye jengo la ghorofa mbili lililokuwa likijengwa Nanyuki.

"Upande wa nyuma umeanguka jana jioni," Gicheru alisema. "Nataka kontena kubwa kabisa. Leo, madam."

"Ni taka gani?"

"Mbao tu na mabati. Ile scaffolding ya mafundi imeanguka."

"Na watu?"

"Ilikuwa Sunday, hakuna mtu kazini. Polisi walikuja wakaona wakaenda."

Magdaline alimtuma Mathenge na kontena refu. Saa nne hivi Mathenge akapiga simu. Alikuwa dereva mzoefu, mwanamume mpole ambaye hapandishi sauti ovyo, lakini safari hii alikuwa amekasirika.

"Mama, huyu mtu ametudanganya. Hapa hakuna mbao. Ni slabu nzima ya zege imelala chini, na mawe. Na ameleta shoveli, ile tingatinga ya kupakia, anataka kunipakilia hivyo hivyo."

"Usikubali hata jiwe moja. Nakuja."

Alifunga kontena fupi kwenye lori la pili, akaliendesha mwenyewe. Alipofika alikuta ukuta wa nyuma wote umelala, na juu yake slabu imepasuka vipande vitatu, nondo zikichomoza. Alitoa futi yake akapanda juu ya kile kipande kikubwa, akapima unene. Inchi sita. Alishuka akamwambia Gicheru kwamba zege hilo halitabebwa na kontena refu, kwamba shoveli isiguse kitu, na kwamba slabu itavunjwa kwa nyundo na kupakiwa kwa mikono, kontena fupi moja baada ya jingine.

"Hiyo ni siku tatu!" Gicheru alifoka. "County wanakuja kesho kukagua. Mimi nataka hii kitu iwe imetoka!"

"Basi tafuta mtu mwingine."

Walibishana karibu saa nzima, wamesimama pale pale kando ya slabu, huku injini za malori mawili na ile ya shoveli zikinguruma. Mwishowe Gicheru alikubali shingo upande. Ndipo msichana mmoja aliyevaa buibui jeusi alipokuja akamgusa Magdaline mkono. Alijitambulisha kwa jina la Leyla. Alikuwa akiuza chai ng'ambo ya barabara.

"Mama, ndugu yangu ndiye soja, mlinzi wa hapa. Yonis. Hajarudi nyumbani tangu jana."

Magdaline alimgeukia Gicheru.

"Huyo nilimpa ofu Saturday," Gicheru akajibu upesi. "Ameenda kwao Isiolo. Ati sijui kwa nini hajaambia dadake."

"Hakwenda Isiolo," Leyla alisema. "Simu yake inaita, hashiki tu. Mama, tafadhali, waambie wazime hizi gari kidogo. Nipige tena, nisikilize."

Mathenge alikuwa ameshaanza kuteremsha kontena fupi. Lilikuwa linaning'inia nusu, minyororo imekazwa, na hapo ndipo mtu huumia. Magdaline aliliangalia, akamwangalia na yule msichana.

"Ngoja kidogo, mamangu. Tuteremshe hii kwanza, alafu tunazima."

Kontena lilikataa kukaa sawa kwenye kifusi. Walilinyanyua, wakaliteremsha tena mara mbili, wakaweka mawe chini yake. Ilichukua robo saa, labda zaidi. Injini zilipozimwa, Leyla alipiga simu. Aliiweka sikioni, akasikiliza, akaishusha.

"Mteja hapatikani," alisema. "Imezima."

Wote wakasikiliza. Zilisikika sauti za soko la jirani tu.

"Si nimekwambia," Gicheru alisema. "Ako kwenye gari, chaji imeisha."

Magdaline, ambaye hakumwamini mtu huyu hata kwa mbao, alimwamini kwa hilo. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini. Alikuwa amechoka kubishana, na Gicheru alikuwa ameshakubali makontena mafupi. Kazi ikaanza. Leyla alikwenda polisi, akaambiwa mtu mzima hahesabiwi amepotea kabla siku kadhaa hazijapita. Akarudi, akakaa kwenye kibanda chake cha chai, akiwatazama.

Jumanne saa tatu asubuhi, wakiwa wanajaza kontena la tatu, vijana walivunja kona ya kile kipande kikubwa cha slabu. Mmoja wao, Muriithi, akaacha nyundo ikaanguka. Chini yake kulikuwa na pengo, stoo ya saruji iliyokuwa imebaki nusu. Yonis alikuwa amelala humo kwa ubavu, mguu mmoja umebanwa na boriti. Karibu na mkono wake kulikuwa na simu, na kipande cha jiwe. Ukuta mbele yake ulikuwa na alama nyeupe nyingi, alama za mtu aliyekuwa akigonga.

Gicheru alikuja mbio. Alitazama mara moja, akamshika Magdaline kiwiko, akanong'ona, "Madam, funika kwanza na turubai. Tuongee."

Magdaline alijinasua. Aliwaambia vijana wasiguse chochote, akamwambia Mathenge aegeshe lori lizibe lango, kisha akavuka barabara. Leyla alimwona akija. Hakungoja kuambiwa. Alianza kuondoa vikombe mezani, kimoja kimoja, akivipanga kwenye beseni, na hakuacha mpaka Magdaline alipomshika mabega.

Polisi walirudi, safari hii wakakaa. Gicheru alichukuliwa, na baada ya siku mbili akatoka kwa dhamana. Magdaline aliandika taarifa ya kurasa nne, akaeleza na lile jambo la kontena na injini, ingawa ofisa alimwambia hilo si la lazima.

Daktari aliyempima marehemu aliwaeleza jamaa bila kuzunguka. Majeraha yake hayakuwa ya kuua upesi. Alikufa kwa damu iliyovuja polepole, na hakuwa amekufa saa nyingi. Jumatatu mchana alikuwa hai.

Alizikwa Ijumaa. Wanaume walikwenda makaburini, na Magdaline akaketi na wanawake nyumbani kwa Bilan, shangazi yake Leyla, leso imefungwa kichwani vibaya kwa kuwa hakuwa amezoea. Kisha Leyla alihamia karibu naye kwenye mkeka.

"Mama, mngezima zile gari nilipowaambia," alisema taratibu, "simu ingesikika?"

Magdaline aliyaacha maneno ya pole aliyokuwa ameyaandaa njiani kutoka Kiganjo.

"Nafikiri ingesikika," alisema. "Wewe uliomba, mimi nikakwambia ungoje."

Leyla aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilijua. Bilan akaleta chai ya maziwa. Magdaline aliinywa yote. Nje wanaume walikuwa wanarudi, wakivua viatu mlangoni.

"Sasa nenda, mama," Leyla alimwambia, wala si kwa ukali. "Nyumba ni ndogo, na hao wanahitaji mahali pa kukaa."